Gari la Mkataba na Mjane wa Fumba

Mwanamke aliyegonga kioo cha gari langu Jumanne ile alikuwa na siku nne tu za ujane.

Mjane wa siku nne hatoki nje. Kwetu Unguja hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Eda ni miezi minne na siku kumi, mtu amekaa ndani, hajipambi, haonani na wanaume wasio maharimu zake.

Huyu alitoka. Alikuja kutoka Fumba mpaka Amani na mtoto mdogo mikononi, akinitafuta mimi.

Na mimi sikuwa ndugu yake. Sikuwahi hata kumwona uso.

Mimi nilikuwa shahidi wa ndoa yake.

Niiteni Masoud. Majina nimeyabadilisha, lakini mambo yenyewe yalitokea.

Saa ile nilikuwa uani kwa Mansour, dalali wa magari. Yeye alikuwa kalala chini ya Noah, miguu nje, anagongagonga chesisi. Mimi nimekaa kwenye usukani, nakanyaga mafuta kila akinambia.

"Chuma kizima," alisema kutoka kule chini. "Ulikuwa ukiliosha kwa maziwa?"

"Kwa jasho."

"Sawa. Kadi ya gari iko wapi?"

"Inakuja."

Akajiburura nje, akakaa kitako, akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Bwana mdogo, gari bila kadi ni banda la kuku. Mimi sinunui banda. Mteja wangu wa hoteli anataka gari. Ijumaa saa nne asubuhi ikifika huna kadi, namchukulia la mwengine."

Akarudi chini. Ndipo kioo kikagongwa.

"Wewe ndiye Masoud?"

"Naam."

"Dereva wa Mzee Usi?"

"Naam, bibie. Nani mwenzangu?"

"Tahiya. Wa Fumba."

Mguu wangu ukatoka wenyewe kwenye mafuta. Injini ikatulia. Mansour akauliza kutoka chini kuna nini, nikamwambia hakuna kitu.

Kilikuwepo.

Kwa asiyejua gari la mkataba, nieleze kidogo.

Mwenye gari anakukabidhi gari lake. Kila wiki unampelekea fungu lake. Mafuta juu yako, matengenezo juu yako, ugonjwa juu yako. Muda mliopatana ukitimia, kadi inageuzwa jina na gari linakuwa lako.

Mimi na Mzee Usi tulipatana miaka mitatu.

Nilikuwa nimemaliza digrii ya ualimu wa jiografia. Nilituma maombi ya kazi mpaka mwenye duka la kuchapisha karatasi akawa ananisalimia kwa jina na kuniulizia mama. Kazi haikuja. Mzee Usi aliniona msikitini, akaniuliza, "Unajua kuendesha?" Nikasema najua.

Nikamwomba tuandikiane.

"Maandishi ya nini, mwanangu?" alisema. "Mimi na wewe tunasimama safu moja."

Nikaona haya. Kwetu kumdai karatasi mtu mnayesali naye ni kama kumwambia usoni kuwa humwamini. Nikanyamaza. Miaka mitatu nikawa nampa mkono kwa mkono, naye anatia mfukoni na kusema Mungu akubariki.

Sikuchukua risiti hata moja. Sikumwita hata mtu mmoja aone.

Sharti lake lilikuwa dogo. Kila Jumatano alasiri nimpeleke Fumba, nimrudishe kabla ya magharibi. "Nnakwenda kutazama shamba," alikuwa akisema, nami sikuuliza.

Jumatano moja, mwaka wa kwanza wa mkataba ukiwa ukingoni, aliteremka mbele ya nyumba moja, akazunguka mpaka dirishani kwangu.

"Zima gari, Masoud. Uje ndani. Nataka shahidi."

Niliingia na mikono ina grisi. Mlikuwa na sheikh mmoja mtu mzima sana, ami wa mwari, ndugu wa baba yake, na seremala wa jirani aitwaye Kheir. Mwari alikuwa chumba cha pili. Ami akaozesha, Mzee Usi akaitikia, sheikh akanigeukia: "Umesikia?" Nikasema nimesikia. Tukapewa halua na kahawa, tukaondoka.

Njiani Mzee Usi aliniambia, "Hili liwe letu."

"Letu," nikasema.

Miaka miwili ikapita.

Alhamisi ya mwisho ya mkataba nilimpelekea fungu la mwisho. Alicheka, akanishika bega. "Sasa mimi ndiye ninayedaiwa. Jumatatu twende tukageuze kadi."

Jumamosi alfajiri akaanguka akitawadha. Adhuhuri tukamzika.

Nilibeba jeneza lake nikilia, na nilikuwa nalia kwa sababu mbili. Ya kwanza nilimpenda. Ya pili naionea haya kuitaja, lakini ndiyo simulizi yenyewe.

Ya pili ni nyumba.

Baba yangu alifariki miaka minne kabla, akaacha nyumba Jang'ombe. Mama yangu, Bi Mwanaasha, alikuwa mke wake wa pili, nami ndiye mtoto wake pekee. Ndugu zangu watano ni wa mke wa kwanza. Nyumba ni ya sote, na sehemu kubwa ni yao. Siwalaumu. Haki ni haki.

Walikuwa wamepata mnunuzi, anataka kuibomoa ajenge nyumba ya wageni. Kaka yangu mkubwa alinipa nafasi ya mwisho: "Mpaka Ijumaa, Masoud. Ukija na fungu letu, nyumba ibaki kwa mama yako. Ukikosa, baada ya sala tunauza."

Mama ana chuo ndani ya nyumba ile. Kila alasiri watoto arubaini wanakaa mikekani, ukumbi mzima unavuma kama mzinga wa nyuki, wanasoma Kurani. Amewafundisha wazazi wao pia, baadhi yao.

Fungu la ndugu zangu lilikuwa Noah ile. Ndiyo maana nilikuwa kwa Mansour siku ya nne ya msiba, bila kadi, namwuzia gari ambalo bado lina jina la maiti.

Sasa mrudi nami dirishani.

Nilimfungulia Tahiya mlango wa nyuma. Akakaa, akampakata mtoto, akavuta ushungi.

"Najua nimetoka ndani ya eda," alisema kabla sijamuuliza. "Nimeuliza kwa wanaojua. Dharura inaruhusiwa. Sina mtu wa kumtuma."

"Pole kwa msiba," nikasema. "Nani alikuletea habari?"

"Hakuna. Nilikuwa nampigia simu, haipokewi. Jumapili ikapokewa. Mwanaume akaniuliza mimi nani. Nikasema mkewe. Akanambia, 'Mkewe yumo ndani hapa analia tangu jana tulipomzika mumewe. Wewe tapeli wa wapi?' Ndivyo nilivyojua kuwa mume wangu kafa."

Nikashusha kioo apate hewa.

"Sheikh alotuozesha keshatangulia mbele ya haki. Ami yangu naye. Cheti cha ndoa kila siku alikuwa akisema tutakifuata. Keshokutwa wanakwenda kwa kadhi kuandikisha warithi. Mmebaki wawili, Kheir na wewe. Akija mmoja peke yake, mimi ni mwanamke wa barabarani, na huyu ni mtoto wa haramu."

Huyu alikuwa msichana wa miezi minane, anaitwa Riyama. Alikuwa keshakamata mkanda wa kiti changu anautafuna.

"Mzee aliniambia liwe letu," nikasema.

"Siri ilikuwa ya aliye hai. Maiti hana siri, Masoud. Maiti ana warithi tu."

Mansour akatoka chini ya gari, akatuchungulia. "Abiria hao, au na wao wanauzwa pamoja na gari?"

"Tupishe kidogo, Mansour."

Akaenda zake akifuta mikono.

"Sikuombi unitetee," Tahiya alisema. "Uje useme ulichokiona na ulichokisikia. Maneno mawili matatu, basi."

"Nitakuja."

Lilinitoka kirahisi. Nilikuwa sijaulizia bei yake.

Nilimrudisha Fumba, na alasiri ile ile nikaenda Kikwajuni kwenye msiba, kumwona Mcha, mtoto mkubwa wa marehemu. Alikuwa barazani na wazee. Aliponiona akainuka, akanivuta pembeni.

"Masoud, habari ya gari usiihofu," alisema. "Baba alinambia kwa mdomo wake siku ile ya Alhamisi: mtoto kamaliza, gari lake. Keshokutwa kwa kadhi nitasema gari halimo, na kadi nakusainia papo hapo. Mdogo wangu anarudi Maskati Jumamosi, tunataka kila kitu kimalizike."

Karibu niubusu mkono wake.

"Lakini kuna jambo moja. Kuna mwanamke wa Fumba anapiga simu ya marehemu. Anajiita mke. Wewe ndiye uliyekuwa ukimpeleka baba Fumba. Alikuwa akienda wapi?"

"Shamba."

Nilijibu kwa neno la marehemu mwenyewe. Nilijiambia si uongo. Hata mwenyewe sikuamini.

"Ndivyo. Shamba. Na keshokutwa mtu akikuuliza, jibu lako liwe hilo hilo." Akaniegemea sikioni. "Mama yumo ndani siku ya nne, hajala kitu. Leo nimwambie ana mke mwenza? Unataka tuzike wawili?"

"Na yule akiwa kweli ni mke?"

"Hata akiwa kweli. Mimi sina nafasi ya ukweli wiki hii, Masoud. Nna mama tu."

Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya.

Jumatano nilizunguka mji mzima kama kuku aliyekatwa kichwa.

Nilikwenda kwa rafiki yangu wa chuo kikuu mwenye duka la simu. Alinikumbatia, akaninunulia chai, akanambia hana. Nilikwenda kwenye ushirika mmoja wa mikopo, wakaniuliza dhamana yangu ni nini. Nikasema gari. Wakauliza kadi.

Nilikwenda kwa kaka yangu, nikamwomba mwezi mmoja.

"Mwaka jana ulisema mwezi," alinijibu, wala hakuwa na hasira. "Mwaka juzi pia."

Nilirudi Jang'ombe wakati chuo kinamalizika. Watoto wanatoka mbio, viatu vimebadilishana miguu. Mama alikuwa anakunja mikeka. Nikamsaidia, na huku tunakunja nikamweleza yote, kuanzia grisi ya mikononi siku ya ndoa mpaka neno la Mcha.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Usiende," alisema.

"Nimeahidi, mama."

"Sikwambii useme uongo. Nakwambia usiende. Aliyekaa kwake hajasema kitu."

Sikuyaamini masikio yangu. Huyu ndiye mama aliyewahi kunirudisha dukani mara mbili katika mvua kwa sababu muuzaji alinipa embe moja zaidi.

"Mama, yule mtoto atakosa baba."

"Na mimi nitakosa nini?" Sauti yake ikakatika. "Miaka thelathini na moja nimo humu. Nimekuzaa chumba kile. Baba yako kafia chumba kile. Nikitoka hapa nnakwenda wapi na watoto wa watu? Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe, Masoud. Kaka zako siyo."

Akajifunika uso kwa kanga. Sikuwahi kumwona akilia mbele yangu, hata siku ya baba.

Nikakaa mkekani karibu yake. Nikamwambia, "Basi siendi."

Akanishika mkono.

Alhamisi asubuhi nilivaa fulana ya kazi, si kanzu. Nikachukua gari, nikaliegesha Darajani kama siku yoyote, nikashusha kioo. Mtalii mmoja akaniuliza bei ya Nungwi, nikamwambia gari bovu.

Nilitaka saa ile ipite tu. Niamke iwe Ijumaa, kadi mkononi, Mansour ananihesabia.

Lakini nilikuwa namwona Kheir seremala. Namwona amekaa kwenye benchi la kadhi na kofia yake nzuri, anatazama mlangoni.

Kisha nikajiuliza swali lililonimaliza.

Nikisema Mzee Usi aliniahidi gari, nani atajua kuwa ni kweli? Hakuna karatasi. Hakuna aliyeona. Yuko mtu mmoja tu duniani aliyelisikia neno lile kwa marehemu, naye ni Mcha. Maisha yangu yote na ya mama yangu yalikuwa yananing'inia kwenye matumaini kwamba mtu mmoja atasimama na kusema alichokisikia.

Na Tahiya alikuwa ananing'inia kwangu vile vile.

Nikawasha gari.

Niliingia kwa kadhi na fulana yangu, viatu mkononi. Kadhi alikuwa anaandika. Kheir keshatoa ushahidi wake. Tahiya alikuwa kakaa nyuma kabisa, kamlaza mtoto begani. Mcha aliponiona akainamisha kichwa kidogo kwa furaha, kama aliyeletewa msaada.

"Shahidi wa pili?" kadhi aliuliza.

"Mimi," nikasema.

Nilisema Jumatano ile, sheikh yule, ami yule. Kadhi akauliza mahari yalikuwa nini. Nikasema kitanda, kabati na msahafu. Akamtazama Kheir, akaandika.

"Uliyasikia kwa masikio yako?"

"Kwa masikio yangu."

Sikumtazama Mcha. Nilisikia tu kiti chake kikisogea.

Yakaja mali. Duka la vitambaa. Shamba. Likatajwa gari.

"Gari limo kwenye mirathi," Mcha alisema.

Nikasimama tena. "Sheikh, gari lile la mkataba. Nimeshamaliza. Marehemu alinambia Jumatatu tukageuze kadi."

"Una maandishi?"

"Sina."

"Una shahidi?"

Nikamtazama Mcha. Yeye alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Mimi niliyeitwa kuwa shahidi wa watu, wangu sikuwa naye.

"Sina," nikasema.

Kadhi aliweka kalamu chini. Nilimwona anahuzunika. "Mwanangu, fungua madai. Utasikilizwa."

Madai yangechukua miezi. Ijumaa ilikuwa kesho.

Nje Tahiya alinisubiri ukutani. "Fungu langu ndani ya gari lile nimekuachia," alisema. "Ni lako, halali."

Wake wawili wanagawana thumni moja, yaani sehemu ya nane. Kwa hiyo alinipa sehemu moja ya kumi na sita ya Noah. Nilipiga hesabu, nikaona ni kama kioo cha pembeni na wipa mbili. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote, maana ndicho kitu pekee nilichopewa siku ile.

Nusu saa baadaye simu ikalia. Mcha.

"Mama kasikia. Kasema nimletee huyo shahidi. Nenda kamtazame ulivyomfanya, kisha ukitoka uniachie ufunguo."

Nilikwenda. Nilijiona ninastahili lawama.

Bi Biasha, mama yake Mcha, alikuwa chumbani, ndani ya eda yake, na mlango una pazia. Faiza, mke wa Mcha, aliniwekea kiti ukumbini, hatua tatu kutoka pazia lile. Mcha alibaki barazani.

"Faiza, nenda katazame chungu," sauti ilisema kutoka ndani. Faiza akaenda.

"Masoud."

"Naam, Bi Biasha. Shikamoo."

"Marahaba. Sogeza kiti."

Nikasogeza, nikainamisha kichwa kungoja laana.

Akauliza, kwa sauti ya chini sana:

"Wa kike au wa kiume?"

"Nani, bibi?"

"Mtoto wa Fumba."

"Wa kike. Anaitwa Riyama."

"Kamfanana?"

"Pua."

Nikasikia kitu kama kikohozi, au kicheko kilichozuiwa. "Maskini. Pua ile kwa mtoto wa kike."

Sikuweza kujizuia. "Bibi, kumbe ulikuwa ukijua?"

"Miaka miwili nimefua kanzu ya Jumatano. Udi wangu naujua, nauchanganya mwenyewe. Ule haukuwa udi wangu."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ningelazimika kukasirika. Na mimi nilikuwa nshachoka kukasirika, mwanangu. Nilinyamaza, nyumba ikakaa." Akavuta pumzi. "Leo umefanya vyema. Mtoto akose baba kwa ajili yangu mimi, ningekwenda kujibu nini? Nimekuita kwa sababu nilitaka kujua ni mtoto gani. Sina mwengine wa kumuuliza."

Nikapata matumaini.

"Bi Biasha, mwambie Mcha basi. Anadhani nimekuua. Ukimwambia tu kuwa ulikuwa ukijua, kadi atasaini leo hii." Nikamweleza habari ya nyumba, na Ijumaa, na mama yangu na watoto arubaini. Nililia, sifichi.

Alingoja mpaka nikamaliza.

"Wanangu wanajua mama yao alifichwa jambo," alisema mwisho. "Hilo wanaweza kulibeba, na wananionea huruma. Wakijua nilijua, nikawapikia, nikawachekea, nikamwacha Mcha apigane mbele ya kadhi kwa ajili yangu, watanitazamaje? Nimezeeka. Nimebakiwa na macho yao tu."

"Naelewa, bibi." Sikuwa naelewa. Nilikuwa nazama.

"Niahidi hawatolisikia kwako nikiwa hai."

Mnaweza kunilaumu. Wengi wameshanilaumu, na mimi mwenyewe nimeshajilaumu. Lakini mkae kwenye kiti kile, hatua moja kutoka pazia lile, msikie mwanamke wa miaka sabini anawaomba kitu kidogo kuliko vyote alivyowahi kunyimwa.

"Hawatolisikia kwangu," nikasema.

Bi Biasha alifariki mwezi wa Shaabani mwaka huu. Ndiyo maana leo naandika.

Nilipotoka Mcha alisimama mlangoni.

"Kakwambia nini?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Maneno matatu: mama alikuwa anajua. Ndani ya maneno yale mlikuwa na kadi, na Noah, na Mansour, na chumba nilichozaliwa, na mikeka ya mama. Na nilimwona Mcha usoni: alikuwa ananiomba. Alitaka nimpe sababu ya kutonichukia.

"Kanambia maneno yake," nikasema.

"Maneno gani?"

"Ni yake, kaka."

Akanitazama mpaka nikatazama chini. Kisha akanyoosha mkono.

"Ufunguo."

Niliutoa kwenye pete yake, ukanikatalia kidogo, ukatoka. Nikamwekea kiganjani.

Nilirudi Jang'ombe kwa miguu. Mama aliniona nikiingia bila sauti ya gari. Hakuniuliza kitu. Akasema, "Tuanze na vyombo vya jikoni. Vya udongo vifunge kwa kanga zangu."

Ijumaa baada ya sala nyumba iliuzwa. Sasa tumepanga vyumba viwili Fuoni. Chuo kina watoto kumi na watano. Madai ya gari sikuyafungua. Ningeulizwa kwa nini Mcha amegeuka, na mama yake aliniambia nini, na ningelazimika kusema au kudanganya.

Ninalowaachia ni hili. Mkipatana, andikianeni, hata na mnayesimama naye safu moja. Karatasi haimshuku mtu. Karatasi inamlinda siku atakapokuwa hayupo kujisemea. Na ukiitwa kuwa shahidi wa jambo, fikiri kabla ya kuila halua yake, maana siku moja utatakiwa kuilipia.

Na wewe Mcha, ukisoma hapa utajijua. Uliniuliza mama kanambia nini. Ndiyo hayo.

Kulijibu swali lako siku ile kulikuwa na thamani ya nyumba. Leo nakujibu bure, na gari silitaki.

Mama yako aliuliza kama mtoto kamfanana baba yako. Nenda Fumba ukamtazame.